Uzito wa Saa na Wepesi wa Fikira

Swali ambalo huletwa mezani kwangu mara nyingi kuliko jingine lolote, na ambalo limenichosha hata nikaazimia kulijibu kwa kalamu ili nipumzike kulijibu kwa kinywa, ni hili: "Fundi, hii ni orijino?" Mwenye kuuliza aghalabu ni kijana wa chuo cha ualimu hapa Matogoro, au mkulima wa Mbinga aliyeuza kahawa yake vizuri, au mtumishi wa ofisi mjini Songea ambaye shemeji yake amemletea zawadi kutoka Kariakoo, na kabla sijawahi kuivaa lenzi yangu jichoni, yeye mwenyewe huwa amekwisha kukata hukumu, kwa kuwa ameipandisha na kuishusha saa ile kiganjani mara mbili tatu, uso wake umejaa yakini, kisha akaniambia, "Lakini ni nzito, fundi. Ishike mwenyewe uone."

Nimezishika, na bado nasema kwamba swali hili lina makosa mawili, moja la elimu na jingine la nia. La nia linahitaji subira ambayo kwa sasa sina, kwa hiyo nitalifikia baadaye. Nianze na la elimu, yaani itikadi hii ya uzito, ambayo imeenea mjini na shamba kwa nguvu zote za habari isiyo na isnadi.

Haikuzuka bure. Bibi zetu walipokwenda kwa sonara walikuwa na haki ya kuiamini mizani, kwa sababu dhahabu safi ya ujazo wa sentimita moja ina uzito wa gramu 19 na zaidi, ilhali shaba ya ujazo uo huo haifiki gramu 9, na mlaghai aliyetaka kuchanganya madini alifedheheka papo hapo. Lakini elimu iliyokuwa sahihi kwa sonara ilitoka ikatembea, ikavuka barabara, ikaingia katika maduka ambayo dhahabu haijapata kukanyaga, na huko ikageuka ujinga. Kwani saa nyingi zinazovaliwa hapa, za kweli na za bandia kwa pamoja, hazina dhahabu hata chembe, na hata ile rangi ya manjano inayomfanya mzee wa Kiislamu anijie kwa wasiwasi kuuliza kama ni halali mwanamume kuivaa, mara nyingi ni utando wa titani na naitrojeni uliogandishwa juu ya chuma. Hukumu ya sheria namwachia shehe wake. Mimi humtolea ushahidi wa kemia tu.

Tuyatazame basi madini yenyewe. Chuma cha pua, ambacho ndicho mwili wa saa njema nyingi, kina gramu 8 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Shaba ya njano, ambayo ni laini na rahisi kuchongwa, na kwa sababu hiyo ndiyo kimbilio la mtengenezaji wa vitu vya bei ya kutupa, ina gramu 8 na nusu. Maana yake ni kwamba saa ya shaba iliyopakwa rangi ya fedha huwa nzito kuliko saa ya chuma cha pua ya umbo lile lile; kwa hiyo kiganja chako, ukikitawaza kuwa kadhi, kitatoa hukumu kwa upande wa mlaghai. Titani nayo, madini yasiyoshika kutu, haizidi gramu 4 na nusu, na kampuni ya Citizen ya Japani, iliyowatangulia wote kutoa saa ya mkono ya titani mwaka 1970, ingalifukuzwa katika soko la Songea siku hiyo hiyo kwa tuhuma ya wepesi. Piaget wa Uswisi, walipotoa mwaka 1957 mashine ya kutia ufunguo yenye unene wa milimita 2 tu, walipata sifa kwa wajuzi wa kazi hii kwa sababu kukipunguza chuma pasipo kupunguza uaminifu wa majira ni kazi ngumu mno kuliko kukirundika.

Halafu iko Casio ile ndogo nyeusi ya plastiki, F-91W, iliyotoka mwaka 1989, ambayo wengi wenu mliivaa shuleni kisha mkaitupa mlipoanza kuona haya. Ina gramu 21, mkanda ukiwamo. Walioitengeneza wanaahidi kwamba haitakosea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Nao Rolex, ambao mashine zao za vyuma ni miongoni mwa zilizorekebishwa kwa makini sana duniani, wanaahidi sekunde 2 kwa siku, yaani hata dakika nzima kwa mwezi. Siwadharau Rolex, la hasha. Mashine ya springi na magurudumu inayokwenda kwa usahihi huo ni kazi ya kuvuliwa kofia. Nasema tu kwamba kama ni majira unayoyataka, plastiki ile ya gramu 21 inakutosha, na uzito haukuongeza hata sekunde moja ya ukweli katika upande wowote.

Fungua sasa kifuniko cha nyuma cha hiyo saa nzito uliyoniletea. Utaona mwili mpana wa shaba, na katikati yake mashine ndogo isiyojaza hata nusu ya nafasi, imezungushiwa pete ya plastiki nyeupe ili isichezecheze. Ndani ya mashine hiyo kuna kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, kitu cha ajabu kwa kweli, lakini cha bei ndogo, na kinachopatikana vilevile katika saa ya mtoto. Zile nyuso tatu ndogo zilizo juu ya uso mkubwa, zilizokushawishi dukani, akrabu zake zimegundishwa hapo na hazikuunganishwa na kitu. Na maandishi ya "Japan Movt" yaliyo chini yanadai, hata yakiwa ya kweli, kwamba mashine asili yake ni Japani. Juu ya mwili, kioo, mkanda na jina, hayasemi neno.

Wapo waliokwisha kuikimbia hoja ya uzito wakaja na ya akrabu ya sekunde, wakidai kwamba ikiruka ni bandia na ikiteleza ni ya kweli. Basi wajue kwamba Rolex wenyewe walitoa mwaka 1977 saa ya kwatzi, iitwayo Oysterquartz, ambayo akrabu yake huruka, na kwamba mashine za vyuma za bei rahisi zinazotoka Uchina leo huteleza bila haya yoyote.

Sasa nije kwenye nia. Anayeuliza kama saa ni orijino, laiti angeuliza kama inashika majira, kama vipuri vyake hupatikana, kama itastahimili jasho lake. Lakini hayo hayamshughulishi. Anauliza habari za watu wengine, yaani wakiitazama watamdhania kuwa nani. Ikiwa shida ni haki ya jina, hiyo ni kazi ya mwenye alama na ya Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, wala si ya mtu mwenye bisibisi. Na ikiwa shida ni kujulikana kuwa yeye ni mtu wa namna gani, basi ashangae pamoja nami jinsi anavyolitafuta jambo hilo katika mtindo, ilhali mtindo, kwa maana yake, ni kile ambacho kila mtu amekivaa.

Mitindo ya saa karibu yote ni kazi za watu zilizogeuzwa mapambo. Pete ile yenye meno inayouzunguka uso, iliyopata umaarufu kwa saa ya Rolex iitwayo Submariner ya mwaka 1953, ni chombo cha mzamiaji: huigeuza alama yake ikakabili akrabu ya dakika, apate kujua ametumia kiasi gani cha hewa, na za leo hugeuka upande mmoja tu ili ikigongwa kwa bahati mbaya impunguzie muda, isimwongezee akafa. Akrabu ya nne ilitengenezwa kwa ajili ya marubani wa shirika la ndege la Pan Am, wajue saa ya ugenini na ya kwao kwa pamoja. Hapa Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanza ukiwa kijito kisichofika gotini, nimeletewa pete za wazamiaji zilizogandishwa kwa gundi, hazizunguki hata kwa koleo, na mwenyewe ameivaa saa miaka pasipo kujua, kwa kuwa hakupata kuwa na haja ya kuizungusha. Wala fahari yenyewe haina kigogo cha kushikia: waungwana wa Ulaya waliicheka saa ya mkono kuwa ni pambo la wanawake, mpaka vita vya mwaka 1914 vilipowafundisha askari kwamba mtu aliye handakini hana mkono wa kuchomolea saa mfukoni, na ghafla ikawa pambo la mashujaa.

Mfano ulio wazi zaidi ni Pulsar ya Marekani, iliyotoka mwaka 1972 kwa mwili wa dhahabu na bei ya dola 2,100, yenye kuonyesha saa kwa taa nyekundu. Na taa hizo zilikuwa zikila betri kiasi kwamba sharti mvaaji abonyeze kitufe kwa mkono wa pili ndipo apate kujua saa. Matajiri waliing'ang'ania. Kufikia mwaka 1977 Texas Instruments walikuwa wakiuza za taa kama hizo, za plastiki, kwa dola 10 hivi, na yule aliyetoa elfu mbili akajikuta amevaa sawa na tarishi wake. Mashine haikuharibika, kilichoharibika ni kile alichokinunua.

Kuna saa, hata hivyo, inayomtaja mtu kwa haki. Ndugu zetu wanaoishi Maskati wanazijua Rolex zenye nembo ya khanjari usoni, ambazo Sultan Qaboos, aliyetawala Oman tangu mwaka 1970 hata 2020, aliziagiza na kuwatunukia watu waliomtumikia. Leo wakusanyaji wanazigombania kwa fedha nyingi. Lakini nembo ile ilikuwa habari ya mtu mmoja na mwingine, na anayeinunua sokoni amenunua shukrani ya kazi asiyoifanya. Mzee wa Peramiho anayeniletea saa ya kutia ufunguo aliyopewa siku ya kustaafu, kioo kimekwaruzika na jina lake limechongwa nyuma, hajaniuliza hata siku moja kama ni orijino.

Na liko jambo la utambulisho ambalo hakuna duka linaloliuza. Tarakimu za saa zote ziliandikwa kwa hesabu ya watu wanaoanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri. Sisi tunaoanza kuhesabu jua linapochomoza huitazama akrabu iliyosimama kwenye nane, tukavuka kwa jicho hadi upande wa pili wa uso, tukasema ni saa mbili, pasipo kujua kwamba tumefanya hesabu. Ndiyo maana nawaambia vijana kwamba saa ya tarakimu tupu ina gharama yake: haina upande wa pili, na yakupasa kutoa sita kichwani. Wapo wazee waliolimaliza jambo hili kwa kuitegesha saa yao kwa majira ya Kiswahili moja kwa moja, na mitindo haikuwatikisa.

Nafasi inakwisha, na wenye haja ya ushauri wa kununua wanangoja, basi niende nao upesi. Mwalimu atake uso mweupe, tarakimu kubwa, na akrabu ya dakika ndefu inayofika kwenye alama, kwa sababu kipindi ni dakika 40 na hakimngojei. Muuguzi asivae mkononi. Achukue ile ya kubandika kifuani yenye akrabu ya sekunde, mikono ibaki wazi kwa kunawa. Mwenye jembe au mwiko wa kujengea achague mkanda wa mpira, kwani ngozi huoza kwa jasho. Miguu ya kushikia mkanda isitokeze nje ya kifundo cha mkono wako, hata kama picha za mitandaoni zinakuonyesha sahani. Iliyoandikwa mita 30 ni ya mvua na kunawa, si ya kuogelea Mbamba Bay. Huko peleka ya mita 100. Fedha ikiwa chache, Casio mpya au Seiko ya mtumba, lakini ifunguliwe mbele ya macho yako kabla hujalipa, na ukiona kutu kwenye vyuma, rudisha. Betri ikifa, dai SR626SW kama ndiyo iliyotolewa, wala usikubali AG4 kwa sababu tu inaingia, kwa kuwa hiyo huvuja ikala mashine. Ukungu ukionekana ndani ya kioo, usiizike katika mchele. Mchele hutia vumbi na hauyatoi maji, ilete siku hiyo hiyo. Ya kutia ufunguo, itie kila asubuhi, na isafishwe kila baada ya miaka mitano hivi. Ama hizi za kuchaji zinazohesabu hatua na kupima usingizi, nunua ukipenda, umeme ukikuruhusu, ila usiniletee: kioo chake kikipasuka sina cha kukufanyia.