Fahamu: Kinachovuruga mlo wa samaki katika mito ya Murang'a

Utando wa chakula ni nini?
Ni jinsi viumbe wanavyolana: mwani huliwa na wadudu wa majini, wadudu huliwa na samaki, na samaki huliwa na ndege na watu.

Uchafu unaharibuje?
Viwanda vya kahawa humenya kahawa mbivu kwa maji mengi. Maji hayo yenye sukari yakifika mtoni bila kusafishwa, bakteria huozesha sukari hiyo na kumaliza oksijeni; samaki hukosa hewa.

Na viumbe wageni?
Samaki aitwaye trauti, aliyewekwa Mto Gura mwaka 1905, hula wadudu na samaki wadogo. Na nje ya Murang'a, Ziwani Naivasha, kamba wa Marekani aliyeletwa 1970 alitafuna mimea ya majini.

Kwa nini ni muhimu?
Mito ya Mathioya na Maragua huingia Mto Tana, unaoelekea bwawa la Masinga, hivyo uchafu wake hufika mbali. Viwanda vichimbe mashimo ya majitaka; wakulima waache mimea kingoni mwa mito.