Marijani au Waridi: Ukuta Huamuliwa kwa Mwanga na Shauri



Mama mmoja wa Pwani, aliyeolewa Zombe kule Kitui, ametuuliza jambo linaloonekana dogo mpaka fedha za nyumba ziingiapo ndani yake. Yeye apenda ukumbi upakwe rangi ya marijani. Mumewe ataka waridi iliyokolea wekundu. Fundi aja Jumamosi, na maneno yameanza kuwa makali.

Kwanza, wazijue rangi zenyewe. Waziweke sampuli zote mbili juu ya karatasi nyeupe. Marijani ina umanjano ndani ya wekundu wake, nayo huelekea chungwa. Waridi ina ubuluu, nayo huelekea zambarau. Zikiwa mbalimbali hufanana. Zikiwekwa pamoja hutengana.

Pili, waitazame nchi waliyomo. Zombe jua ni kali na udongo ni mwekundu. Mwanga ugusao uwanja wa namna hiyo huingia mlangoni ukiwa umebeba wekundu, ukaivuta marijani ifanane na tofali. Taa ya manjano nayo huizidisha hali hiyo usiku. Tena kuta nne hurudishiana rangi. Basi wachague iliyofifia kidogo kuliko ile waliyoipenda dukani.

Tatu, wajaribu kabla ya kununua. Makopo mawili madogo yatosha. Wapake mraba wa dhiraa moja wa kila rangi, mara mbili, karibu na mlango na katika pembe yenye kivuli. Zikishakauka, wazitazame asubuhi, adhuhuri, na baada ya Maghribi taa ziwashwapo. Fundi aweza kungoja siku mbili. Ukuta watauishi miaka.

Kisheria rangi zote mbili ni mubaha, na marijani yenyewe imetajwa katika Surat Ar-Rahman. Lililokatazwa ni israfu: kununua makopo makubwa kwa ushindani, kisha yakaukie uani.

Wasipoafikiana, wapake ukuta mmoja tu, na mitatu waiache nyeupe, kama wazee wa Lamu walivyozipenda kuta zao za chokaa. Na rangi ya ukuta huo, nionavyo mimi, aichague yule ashindaye ndani mchana kutwa. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Surat An-Nahl kwamba nyumba zetu amezifanya ziwe maskani ya utulivu; haifai tuuvunje utulivu huo kwa ajili ya kuzipamba.

Wabillahi tawfiq.