Uzuri wa Pikapu Umo Uvunguni
Huko California, Marekani, vijana huipamba pikapu kwa kuishusha karibu iguse lami. Wapitao hutazama rangi. Mimi huchungulia uvunguni. Ekseli ya nyuma ikitolewa chini ya springi na kufungwa juu yake, gari hushuka, na pua ya difu hubadili pembe. Gari likivuta, pua hiyo huinuka. Basi fundi huiacha imeinama digrii 1 au 2, ili mwendoni iwe sambamba na shafti itokayo giaboksi. Akikosea, propela hutetemeka na kula joiniti zake. Kwa hiyo gari na lisimame kwa magurudumu, likibeba uzito wake wote, fundi apime, ndipo achomelee vikalio vya springi. Bila hayo, ndugu msomaji, huo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.