Mwaka wa kemo, na duka halikufungwa

Wapambanaji, mwezi huu natimiza mwaka tangu nianze matibabu ya saratani ya titi. Nauza vitenge mtandaoni.

Dripu za kemo zilikuwa 8, moja kila baada ya siku 21. Ukishaujua mzunguko wako, unapanga. Wiki ya kwanza hata simu huitaki. Ya pili unajiona mzima, kumbe ndiyo ya hatari: chembe nyeupe za damu ziko chini, maambukizi hayabishi hodi. Kariakoo nikamwachia mdogo wangu, boda akawa anachukulia mzigo mlangoni. Wiki ya tatu ndiyo ya kupiga picha na kwenda laivu. Nywele zilishaisha, nikafunga kilemba, na kitenge cha kilemba ndicho walichokigombania!

Wateja niliwaambia tu oda zinatoka Ijumaa. Ugonjwa sikuutangaza. Nilitaka wanunue kitenge, si wanionee huruma. Mwingine angetangaza, na sawa pia.

Hela ya mzigo niliiweka laini yake, ya hospitali laini nyingine. Bila hivyo mtaji ungeisha wote, umebaki nusu.

Kilichonitesa ni ganzi ya vidole kwenye raundi 4 za mwisho. Kufunga kifurushi, shughuli! Meseji nikahamia kwenye sauti. Mionzi pale Ocean Road, Jumatatu hadi Ijumaa, ilikula nauli kuliko nguvu.

Sasa nameza tamoxifen, kidonge kila siku, kwa miaka 5. Oda bado zinatoka Ijumaa.