Mzee na Vidonge Vyake

Chungulia leo katika pindo la kanga ya bibi, au ndani ya kile kikopo cha bati ambacho babu hukiweka juu ya boriti. Huenda utakuta humo vidonge vilivyobaki, vyeupe na vya manjano, vimechanganyika, wala hakuna mtu nyumbani ajuaye vilitoka lini. Muulize mwenyewe, naye atakujibu: "Hivyo ni vya presha. Nilivimeza mwezi mzima, nikapona, nikaacha." Basi habari yetu ya leo ni hiyo, maana huyo asemaye amepona hakupona.

Presha, au shinikizo la damu, ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Mzee akipimwa huandikiwa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza kuisukuma, na ya chini ni wakati moyo unapolegea. Zikifika 140 kwa 90 au kupita hapo, na zikionekana hivyo kwa siku mbalimbali, mtu huyo ana presha. Kwa wazee mara nyingi ile ya juu peke yake ndiyo hupanda, kwa kuwa mishipa yao imekakamaa kama mpira uliokaa juani siku nyingi. Hiyo nayo yataka matibabu vilevile.

Wengi hufikiri kwamba mwenye presha lazima aumwe kichwa au aone kizunguzungu. Sivyo. Walio wengi hawasikii lolote. Hulima, huteka maji, hucheka na wajukuu, na huku moyo unachoka, figo zinaharibika, na mishipa ya ubongo inakaribia kuziba au kupasuka. Kwa hiyo mzee asijipime kwa jinsi anavyojisikia. Apimwe kwa chombo.

Tena apimwe vizuri. Mtu aliyetembea mwendo wa saa mbili, akafika zahanati akihema na kufungwa kile kitambaa mkononi papo hapo, namba yake itapanda bure. Yampasa kwanza aketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, naye asiongee. Kama amekunywa kahawa au kuvuta tumbaku nusu saa iliyopita, au amebanwa na haja ndogo, aseme. Kumwomba muuguzi dakika tano za kupumzika si utovu wa adabu.

Sasa tuje kwenye vidonge. Watu wetu wamezoea dawa ya malaria, ambayo humezwa siku tatu, ugonjwa ukaisha na dawa ikaisha. Dawa ya presha si ya namna hiyo. Yafanana na mti uliotegemezwa kwenye ukuta unaoinama. Ukuta umesimama kwa sababu mti upo, na ukiuondoa mti leo usishangae kesho. Mganga akimwambia mzee, "Presha yako sasa ni nzuri," mzee husikia kwamba kazi imekwisha. Kumbe ni nzuri kwa kuwa anameza, na akiacha itarudi palepale ilipokuwa.

Hatuwalaumu wazee, maana wengine huacha kwa sababu dawa imewasumbua. Iko dawa iitwayo amlodipini, ambayo huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Ziko nyingine, kama kaptoprili na enalaprili, ambazo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokoma. Ile ya kukojosha humwamsha mzee usiku kwenda chooni gizani, hata akajikwaa akavunjika nyonga, na basi mara nyingi humezwa asubuhi. Wengine huona kizunguzungu wanaposimama ghafula. Hao waketi kwanza ukingoni mwa kitanda, wahesabu hadi ishirini, ndipo wainuke. Mambo haya yote yana dawa yake, nayo ni kurudi kwa mganga na kumweleza, ili abadilishe au apunguze. Asiyerudi akaamua mwenyewe kuacha, mganga hawezi kumsaidia. Na aliyesahau kumeza jana asimeze mara mbili leo. Wala asimgawie jirani, hata jirani huyo akimwomba vipi. Dawa iliyomfaa mmoja yaweza kumwangusha mwingine.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya kwetu sisi Wakatoliki. Wazee waliopokea Komunyo ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950 walifundishwa kutokula wala kunywa kitu tangu usiku wa manane. Mafundisho yaliingia, nayo hayatoki. Wapo hadi leo wasiomeza kidonge asubuhi ya Jumapili, wakatembea hadi kanisani na presha yao, na kurudi mchana jua likiwa kali. Kama Misa ni ndefu na baada yake kuna mkutano wa jumuiya, dawa ya siku hiyo hupotea kabisa.

Bibi, babu, sikilizeni. Papa Pius XII aliruhusu maji mwaka 1953, na mwaka 1957 akapunguza mfungo huo wa chakula uwe wa saa tatu tu. Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja mwaka 1964. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 919, yasema wazi kwamba maji na dawa havivunji mfungo wa Komunyo. Tena wazee, wagonjwa na wale wanaowauguza waweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya ile saa moja. Meza dawa yako kwa maji, uende Misani kwa amani. Na Kwaresima ni vivyo hivyo: sheria ya kufunga humshika mtu tangu miaka 18 hadi aanzapo mwaka wake wa sitini. Mzee mwenye kisukari anayemeza dawa zake na kukaa bila kula aweza kuishiwa sukari mwilini, akatokwa jasho, akatetemeka, akazimia. Akitaka kujinyima, na ajinyime tumbaku.

Jikoni nako kuna kazi. Shirika la Afya Duniani lasema chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya chakula. Akina mama huihesabu chumvi ya mezani wakawasahau samaki wa chumvi, na zaidi sana magadi. Magadi yana sodiamu, kama chumvi ilivyo nayo. Maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva bila hayo. Limau, nyanya na kitunguu humsaidia mzee kusahau chumvi, ingawa wiki ya kwanza atanung'unika.

Jambo ambalo wachache hulijua ni hili la dawa za maumivu. Mzee mwenye magoti na mgongo hutuma mjukuu dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni, akameza asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi. Dawa hizo hupandisha presha, huumiza figo, na huweza kutoboa tumbo hata damu ikatoka. Hivyo kwa mkono mmoja anashusha presha, na kwa mwingine anaipandisha. Parasetamoli kwa kipimo alichopewa humfaa zaidi, pamoja na fimbo ya kutembelea na kuukanda mguu kwa maji ya moto. Na mganga aambiwe kila kitu anachotumia, hata miti shamba.

Kuhusu malipo, Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 yamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Mzee asiye na uwezo amuulize mtendaji wa kijiji au afisa wa ustawi wa jamii juu ya matibabu bila malipo, na taratibu zilivyo sasa, kabla hajaugua.

Mwisho, ninyi vijana mnaoishi na wazee, zijueni dalili za kiharusi. Mdomo umekwenda upande. Mkono mmoja hauinuki. Maneno yanatoka kama ya mlevi. Wengine husema ni upepo mbaya, au ni mkono wa mtu, na siku mbili zikapita wakizunguka kwa waganga wa ramli. Hizo ndizo saa ambazo ubongo unakufa. Msimpe maji, wala uji, wala kidonge cho chote, kwa kuwa koo huenda limelegea na vitu vikaingia mapafuni. Mlazeni ubavu kama fahamu zinapungua, angalieni saa ilikuwa ngapi alipoanza, tafuteni gari au pikipiki ya matairi matatu, mwende hospitali na daftari lake la kliniki. Hata kama njiani mdomo umenyooka na mkono umerudi, msigeuze gari. Mfikisheni siku hiyo hiyo.