Betri
Betri ni kifaa kinachotunza nishati ya kikemia na kuitoa kama umeme. Umeme haukujazwa ndani yake kama maji kwenye ndoo, bali hutokea pale mmenyuko wa kikemia unapoanza.

Kila seli ya betri ina ncha mbili za mata tofauti. Kati yake kuna elektroliti, yaani kiowevu au uji unaopitisha ioni lakini si elektroni. Kwenye ncha hasi metali huachia elektroni. Kwa kuwa haziwezi kukatiza ndani, elektroni hizo huzunguka nje kupitia waya hadi ncha chanya, na njiani huwasha taa au redio. Wakati huohuo ioni husafiri ndani kusawazisha chaji. Mwitalia Alessandro Volta alionyesha jambo hili mwaka 1800 kwa sahani za zinki na shaba zilizotengwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi.

Katika betri kavu ya kawaida ya tochi, kopo lenyewe ni la zinki, nalo ndilo linaloliwa. Ndiyo sababu betri iliyosahauliwa ndani ya redio hutoboka na kuvuja. Wanaoianika juani huongeza muda kidogo tu: joto huharakisha mmenyuko, lakini zinki iliyokwisha hairudi.

Betri ya gari hutumia risasi na asidi ya sulfuri. Kila seli hutoa takriban volti 2, hivyo sita huunganishwa kupata 12. Hapa mmenyuko hurudishwa nyuma kwa kuchaji.

Katika betri za simu, ioni za lithi huenda na kurudi kati ya grafiti na oksidi ya metali. Oksidi yenye nikeli nyingi hubeba nishati zaidi kwa kila kilo, faida kubwa kwa magari ya umeme.

Nikeli hiyo ipo Kabanga, katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, wilaya ileile yenye kata ya Kasulo. Iligunduliwa miaka ya 1970. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilisaini mkataba unaoipa hisa 16% katika kampuni ya Tembo Nickel, kukiwa na mpango wa kusafisha madini Kahama badala ya kuuza makinikia nje. Hata hivyo, si kila betri huihitaji: zile za lithi zenye chuma na fosfati, zinazotumika sana kwenye umemejua, hazina nikeli kabisa. Sehemu kubwa ya nikeli duniani bado huenda kwenye chuma kisichoshika kutu.