Yurasili Bila Sweta

Msomaji anauliza: akikwepa jua la mchana, moshi wa sigara na eksirei zisizo za lazima, DNA yake itabaki ilivyo? Haitabaki. Maji yaliyomo ndani ya seli yanatosha kuichokonoa.

Herufi nne za DNA, yaani A, T, G na C, tuwaachie walimu wa baiolojia. Mimi nina hamu na C, saitosini. Maji huinyang'anya C kikundi chake cha amino, nayo ikageuka yurasili, herufi ya RNA, binamu wa DNA. Katika seli moja ya binadamu hilo hutokea takribani mara 100 hadi 500 kwa siku. Seli ikijinakili kabla ya marekebisho, yurasili husomwa kama T, na mgeuko umeshaingia. (Nasema mgeuko, "mabadiliko ya kijenetiki" ni msafara, si neno.)

Sasa utamu wenyewe. Thaimini, ile T, ni yurasili iliyoongezewa kikundi kidogo cha atomi, methili, tu. RNA haihangaiki na pambo hilo. Mbona DNA inaligharimia? Methili ni kama sweta ya shule. Mlinzi hana haja ya kumjua kila mwanafunzi: akimkuta mtu uwanjani bila sweta, anamtoa. Mlinzi huyo ni kimeng'enya alichokigundua Tomas Lindahl, mmoja wa washindi watatu wa Nobeli ya Kemia ya 2015. Shule nzima ingekuwa haina sare, yaani DNA ingetumia yurasili badala ya thaimini, mvamizi angejulikanaje?

Ila seli yenyewe huzivika baadhi ya C sweta, mara nyingi ili kunyamazisha jeni. C ya namna hiyo ikipoteza amino haiwi yurasili, inakuwa thaimini kamili, sweta mwilini, na mlinzi anaipisha. Wapo walinzi wengine wa kuishuku, lakini huponyokwa. Hiyo ni sababu mojawapo kwa nini karibu watu wote wenye akondroplasia, aina ya kawaida zaidi ya umbilikimo, wana mgeuko kwenye herufi ileile moja ya jeni ya FGFR3, palipokuwa na C ya aina hiyo. Wengi wao wamezaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida.

Na vichochezi vya nje? Asidi ya naitrasi huinyang'anya C amino vilevile, ila kwa kasi. Jua lina njia yake: huziunganisha T mbili jirani, na mashine ya kunakili hukwama hapo au hukisia herufi.